Sura ya Tano: Nguvu Karibu na Gurudumu

Katika mashindano mengi ya magari tuyajuayo, na hususa yale ya Safari yaliyoanzishwa mwaka 1953 yakazipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, sifa yote humwendea mwenye kasi. Naye aliyechelewa, hata kama hakuvunja kitu wala hakumkwaruza mtu, hurudi kwake bila ya kuulizwa habari. Yako, walakini, mashindano ya namna nyingine, yafanywayo huko Ulaya aghalabu katika machimbo ya mawe na kokoto, ambamo kasi haihesabiwi kuwa fadhila ila hudhaniwa kuwa upungufu wa akili, na ambamo dereva hodari ni yule awezaye kulipitisha lori la tani kadhaa baina ya vigingi viwili vilivyosimamishwa ukingoni mwa genge, pahali ambapo mtu mwingine asingethubutu kupitisha hata punda, pasipo kugusa kigingi, pasipo kurudi nyuma, na pasipo kulilaza lori ubavu. Kila kosa lina pointi zake za adhabu, na jioni mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mashindano hayo huitwa Europa Truck Trial, na malori yake hupangwa katika madaraja kwa idadi ya ekseli na umbali uliopo baina yao, kwa kuwa si insafu lori fupi la ekseli mbili lipimwe kwa mizani moja na refu la ekseli nne.

Muradi wa sura hii si malori hayo makubwa, bali wadogo zao: malori ambayo mtu anaweza kuyabeba kwapani, yaliyoungwa kwa vipande vya plastiki vya LEGO, yenye mota na betri tumboni, ambayo watu wazima wenye kazi zao na jamaa zao huyaunda kwa miezi, kisha siku ya mapumziko wakayachukua kwenda kuyapandisha vilima vya changarawe, magogo na mizizi ya miti, kwa kanuni zilezile za vigingi na adhabu. Poland ni mojawapo ya nchi ambazo mchezo huu umekita mizizi. Na Mpolandi Paweł Kmieć, ajulikanaye kwa lakabu ya Sariel, ndiye aliyeandika kitabu kilichotolewa na No Starch Press mwaka 2012 ambacho waundaji wengi wa magari haya wamejifunzia elimu ya gia. Atakayecheka kuona mtu mwenye mvi amepiga magoti mchangani kulitazama gari la kuchezea lisivunjike, na acheke. Lakini akikaa saa moja ataona kwamba matatizo yanayomwinamisha mtu yule ndiyo yaleyale yaliyowainamisha wahandisi wa malori ya kweli, isipokuwa kwamba wao walikuwa na chuma, na yeye ana plastiki. Na huo udhaifu wa plastiki, kwa rai yangu, ndio mwalimu wa mchezo wote.

Asili ya vipande vyenyewe ni Billund, katika Jutland ya Denmark, ambako seremala Ole Kirk Christiansen alikuwa na karakana tangu mwaka 1916. Dhiki ya biashara iliyoikumba dunia ilipomkosesha kazi ya milango na samani, akageukia vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Moto ukaiteketeza karakana mwaka 1942, akaisimamisha tena. Na vita vilipokwisha akanunua mashine ya kushindilia plastiki katika kalibu. Miongoni mwa vitu vya plastiki vya mwanzo vilivyouzika vizuri palikuwa na trekta dogo la Ferguson, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambalo mtoto aliweza kulifungua na kuliunga. Basi chombo cha kukanyaga tope kilitangulia katika karakana hiyo kabla tofali halijapata umbo lake tulijualo leo, lile lenye vinundu juu na vibomba ndani, ambalo mwanawe, Godtfred, aliliandikishia haki ya uvumbuzi tarehe 28 Januari 1958. Gurudumu lilifuata mwaka 1962, gia za meno mwaka 1970, na mwaka 1977 likatoka fungu la vipande vya ufundi lililokuja kuitwa Technic: boriti zenye matundu, mihimili yenye umbo la msalaba, na gia za ukubwa mbalimbali. Tangu hapo mtoto aliweza kuunda gari lenye gia boksi na usukani unaofanya kazi. Na watoto wale, walipokua, wengine wao hawakuacha.

Sheria ya vipande hivi ni moja, nayo haina rehema: kila tundu limeachana na mwenziwe kwa milimita 8 kutoka kati hadi kati, na kila gia imechongwa ili idadi ya meno yake ikubaliane na milimita hizo. Watoto wa mitaa yetu, toka Mombasa hadi Kigoma, wameunda magari ya waya, makopo na vifuniko vya chupa, yenye usukani wa fimbo ndefu unaoshikwa na mwendaji kwa miguu, na katika kazi yao wana uhuru mmoja mkubwa: waya ukiwa mrefu huukata, ukiwa haufiki huuongeza, na kona ikikataa huikunja mpaka ikubali. Fundi wa matofali hana uhuru huo. Kukata, kutoboa na kugundisha kwa gundi ni haramu katika mapokeo ya mchezo wake. Akihitaji milimita 12 baina ya matundu ya boriti moja hazipo, ni 8 au 16. Na hila yake yote imo katika kutafuta njia ya kupita ndani ya sheria hiyo bila ya kuivunja. Sithubutu kusema ni nani kati ya hao wawili mwenye werevu zaidi, ila najua ni nani aliyetumia fedha nyingi zaidi.

Kwa muda mrefu mota zilizopatikana zilikuwa dhaifu kuliko tamaa za waundaji, na mambo yalianza kubadilika mwaka 2007 zilipotoka mota mpya zikiandamana na rimoti ya miale ya infraredi na kasha la betri 6 ndogo zenye jumla ya volti 9. Kubwa yao, ijulikanayo kwa herufi XL, ndiyo iliyopendwa na watu wa malori. Ikiachwa izunguke bure, hufanya mizunguko ipatayo 220 kwa dakika, ambayo ni kidogo sana kwa mota ya umeme, kwa kuwa ndani yake mna gia za kupunguza mwendo tayari. Na ikizuiliwa isizunguke kabisa, husukuma kwa nguvu ya kusokota ipatayo nyutoni-sentimita 40. Lakini mota iliyozuiliwa haifanyi kazi, hupata moto tu, mpaka kikatio cha usalama kikate umeme na kulisimamisha gari katikati ya mlima mbele ya watu. Mzigo wake wa starehe ni kama nyutoni-sentimita 15, na hapo hufanya mizunguko kama 145.

Sasa tulitwae lori la kilo 2 na nusu, ambao ni uzito wa kawaida wa lori zuri la aina hii, lenye tairi za kipenyo cha milimita 95 hivi, nalo lipo chini ya mteremko wa nyuzi 45 likitazama juu. Uzito wake unaovuta kuelekea chini ya mteremko ni kama nyutoni 17. Na kwa kuwa kila tairi husukuma kwa mkono wa milimita 47, nguvu ya kusokota itakiwayo kwa magurudumu yote pamoja ni nyutoni-sentimita 80 au zaidi kidogo. Mota moja katika mzigo wake wa starehe hutoa 15. Basi mwendo wake hauna budi kupunguzwa mara 6, ili nguvu ipate kuwa 90, na msuguano wa gia upate sehemu yake, maana huo haukosi kudai haki. Mizunguko 145 ikigawanywa kwa 6 hubaki 24 kwa dakika, na kwa tairi ya mzingo usiotimia sentimita 30, lori letu litapanda mita 7 kwa dakika. Mita 7 kwa dakika! Ndiyo kasi ya mashindano. Na waundaji waliozoea milima mibaya huongeza mota ya pili, si ili wafanye haraka, bali ili kila mota ibebe nusu ya taabu.

Hesabu hiyo kila mtu huifikia siku ya kwanza. Lisilofikiwa siku ya kwanza ni swali la pili, ambalo ndilo kiini cha jambo: huko kupunguza mara 6 kufanyike wapi? Mwanafunzi huweka gia zake zote mlangoni mwa mota, kwa kuwa hapo pana nafasi na mambo huonekana nadhifu. Mota ikageuza gia ya meno 8, hiyo ikageuza ya 24, na kadhalika, mpaka nguvu imekwisha kuzidishwa yote, ndipo anapoiongoza kwa shafti kwenda kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma. Basi tangu pale hadi kwenye gurudumu, kila kitu kilichopo njiani hubeba fungu lake la zile nyutoni-sentimita 80 zilizokwisha kuzidishwa, nacho ni plastiki. Mhimili wenye umbo la msalaba haufiki hata milimita 5 kwa upana, na ukitiwa mzigo huo kabla gurudumu halijakubali kugeuka, husokoteka kama kamba ya makumbi. Ukiutazama kwa ubavu unaona kingo zake nne zimezunguka, na ukiuachia hurudi, isipokuwa ile siku ambayo haurudi tena. Kiungo cha msalaba, kilichowekwa ili shafti ipate kukunjika ekseli ikipanda na kushuka, hufunguka masikio yake kikachomoka. Na gia zenye meno ya mshazari, zile zinazogeuza mwendo pembe mraba ndani ya ekseli, huachana kwa unywele mmoja, jino likaruka juu ya jino, na gari likatoa mlio wa ka-ka-ka ambao mtu wa mchezo huu huutambua hata akiwa amelipa mgongo. Mota inazunguka, shafti inazunguka, na gurudumu limetulia.

Aliyekwisha kuusikia mlio huo mara za kutosha huja kufahamu kwamba nguvu kubwa haifai kusafirishwa. Inafaa isafirishwe nyepesi na yenye mizunguko mingi, kisha izidishwe mwishoni mwa njia, pale pale gurudumu lilipo, ili baina ya mota na hapo plastiki isijue kwamba mlima upo. Lori lile lile, likipunguziwa mwendo mara 2 tu karibu na mota na mara 3 ndani ya kitovu cha gurudumu, lina jumla ile ile ya 6 na kasi ile ile ya mita 7. Lakini shafti zake sasa zinabeba nyutoni-sentimita 27 mahali pa 80, nazo zikigawanywa kwa ekseli mbili huwa kama 14 kwa kila moja, mzigo ambao mhimili wa plastiki huubeba bila ya kulalamika.

Hili halikuvumbuliwa na wachezaji. Wajerumani walioiunda Unimog mara baada ya vita kuu ya pili, wakikusudia iwe chombo cha shamba kitakachopita juu ya safu za viazi bila ya kuziharibu, waliweka gia za mwisho katika ncha za ekseli, mbili mbili zilizopangwa wima, ya juu ikipokea nguvu na ya chini ikibeba gurudumu. Na kwa tadbiri hiyo walipata faida mbili kwa gharama moja, maana ekseli yenyewe ilinyanyuka juu ya kitovu cha gurudumu, na mwanya baina ya tumbo la gari na ardhi ukaongezeka. Kampuni ya LEGO ilipotoa mfano wake wa Unimog U400 mwaka 2011, wenye vipande 2,048, ekseli za namna hiyo zilikuwamo. Na katika gari lake la kupanda majabali lenye nambari 9398, la mwaka uliofuata, kilikuwamo kitovu maalumu kilichorahisisha kazi ambayo zamani fundi aliiunga mwenyewe kwa vipande kumi na kitu vilivyokuwa havikai sawa. Ndani ya kitovu hicho gia ya meno 8 hukutana na ya meno 24: mara 3 za kupunguza, na milimita 16 za kunyanyuka, ambazo kwa gari lenye tairi za milimita 95 ni nyingi mno. Baadaye, mwaka 2019, katika gari nambari 42099, kikaja kitovu kingine chenye gia zinazolizunguka jua lao katikati, kinachopunguza mara 5 na kitu pahali pamoja. Hicho hakinyanyui ekseli, lakini kwa habari ya kuiokoa shafti hakina mfano. Baina ya wapenzi wa kitovu cha kwanza na wa kitovu cha pili pana ubishi usiokwisha, na mimi nipo upande wa kwanza, kwa kuwa jiwe linaloliweka lori juu ya tumbo lake, magurudumu yakining'inia, halijali shafti ni nzima au imevunjika.

Kuhusu difu nitasema machache. Kila dereva aliyekwama matopeni anajua tabia yake: hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili, hivyo gurudumu moja likiwa hewani na lisihitaji nguvu yoyote, la pili nalo hupewa kiasi hicho hicho, yaani hakuna. Katika lori la plastiki difu lina aibu ya ziada, kwamba ndani yake mna zile gia za mshazari zenye meno 12 ambazo ndizo za kwanza kuruka. Kwa hiyo waundaji wengi wa malori haya huliacha kabisa, wakaunga gurudumu la kushoto na la kulia kwa mhimili mmoja, na gharama yake wakailipa kwenye kona, ambako lori hukataa kugeuka upesi, tairi zikakwaruza mchanga, na mzunguko wake ukawa mpana kuliko vigingi vinavyoruhusu. Wengine huweka difu la kufungwa kwa mota ndogo ya pekee, wakalifunga mlimani na kulifungua konani. Hiyo ndiyo adili zaidi, lakini mota hiyo nayo ina uzito, waya wake, na nafasi yake katika rimoti, na mwenye kuhesabu vyote hivyo aghalabu hurudi kwenye mhimili wake mmoja.

Springi ni maudhui yenye utamu zaidi. Gari la barabarani huhitaji springi ili abiria wasiumie. Lori la vigingi lahitaji kitu kingine, nacho ni kwamba magurudumu yote yakanyage chini kwa wakati mmoja hata jiwe likiwa chini ya moja tu. Njia rahisi ni kuitundika ekseli nzima katikati, ibembee kulia na kushoto bila ya springi yoyote, na njia hiyo imeshinda mashindano mengi. Lakini ekseli zote mbili zikibembea huru, bodi haina cha kuisimamisha, hulala upande ikaleta msiba. Basi moja huachwa ibembee na nyingine huwekewa springi mbili. Hapo ndipo ugonjwa mwingine huonekana, ambao asiyeujua hudhani ni kosa la springi: lori likijikaza kupanda, bodi hujiinua bega moja, kila mara lile lile, kana kwamba kuna mtu analibetua. Sababu ni shafti ya kati, ambayo inapoisokota ekseli upande mmoja huisokota bodi upande wa pili kwa kiasi kile kile. Fundi asiye na elimu huongeza springi ngumu bega lililolala, na lori likawa kigongo katika tambarare. Mwenye elimu hutazama tena gia zake. Kwani shafti inayobeba nyutoni-sentimita 14 haiwezi kuinua bega kama inayobeba 40, na dawa ya mhimili uliosokotwa imekuwa dawa ya bega lililoinuka pia.

Maadamu tumefika kwenye bodi, tusisahau kwamba kanuni za mashindano haya, ingawa hutofautiana nchi kwa nchi, hutaka lori lifanane na lori. Kibanda cha dereva sharti kiwepo, na tanki, bampa na taa zisikosekane. Si ubao wenye magurudumu. Wengi huchagua Tatra 813 ya Wacheki, iliyoundwa tangu mwaka 1967, lori la jeshi lenye ekseli nne na injini ya silinda 12 inayopozwa kwa hewa. Wengine huchagua Ural au KrAZ za Kisovieti, au MAN za jeshi la Ujerumani. Uzuri una bei yake, na bei hiyo ni kimo. Lori ambalo magurudumu yake yameachana sentimita 20, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 10 juu ya ardhi, litaanguka ubavu mteremko ukifika nyuzi 45. Kila kipande cha kibanda kinachoongezwa juu huzipunguza nyuzi hizo, na kila betri inayoshushwa chini huzirudisha. Kwa hiyo kasha la betri, ambalo ndilo kitu kizito kupita vyote, huwekwa chini kabisa baina ya ekseli, na kibanda huundwa kitupu ndani kama ganda. Ukikibonyeza kwa kidole kinaingia.

Kisha kuna jua. Rimoti ya miale ya infraredi ilitengenezwa kwa ajili ya sebule, na nje, katika mwangaza mkali, kipokezi chake hushindwa kutofautisha amri ya bwana wake na mwanga wa mchana. Hivyo ukawaona watu wenye heshima zao wamelifuata lori wameinama, rimoti imenyoshwa hatua moja kutoka kwenye kipokezi, na mkono wa pili umefanya kivuli. Mwaka 2014 Wahangaria walitoa kipokezi cha Bluetooth kiitwacho SBrick, kinachoendeshwa kwa simu, na hapo migongo ikapata kunyoka. Waslovenia nao wakaleta BuWizz, ambayo ni betri na kipokezi katika kasha moja, yenye uwezo wa kuipa mota umeme mwingi kuliko ulivyokusudiwa. Hii imezua mgawanyiko. Wako wanaosema kwamba kitu kisichotoka Billund kisiingie kiwanjani, wala tairi za mpira laini za magari mengine ya rimoti, ambazo kashata zake hushika jabali kuliko za LEGO. Na wako wanaosema kwamba sharti ni kuunga tu, na chochote kinachoungika kinafaa. Kwa kuwa mchezo huu hauna baraza moja la kuutawala, kila chama huamua lake, na mgeni hana budi kuuliza kabla ya kufunga safari.

Siku yenyewe ya mashindano haina makelele. Njia imegawanywa vipande, na kila kipande kina milango yake ya vigingi viwili viwili, vyembamba kama vijiti vya mishikaki, vilivyochomekwa ardhini kwa upana unaolizidi lori kwa sentimita chache tu. Hakimu husimama kando na karatasi yake. Lori la ekseli nne huingia mlango wa kwanza katika tambarare bila ya tabu. Wa pili upo juu ya mzizi uliokaa mshazari, na hapo ekseli ya kwanza hupanda kushoto ilhali ya pili bado iko chini, bodi ikainama taratibu kuelekea kwenye kigingi cha kulia mpaka kioo cha ubavuni kimebakiza unene wa kadi. Mwendeshaji huacha. Hana haja ya haraka, kwani muda uliowekwa kwa kipande ni mpana kuliko mahitaji ya lori lake, na anayo hiari ya kurudi nyuma akajipange upya, lakini kurudi kuna adhabu, na kugusa kigingi kuna adhabu, na kukiangusha kuna kubwa zaidi. Basi hupiga hesabu ya ipi ni nafuu. Husogeza mbele kidogo mno, gurudumu la pili likapanda mzizi, bodi ikarudi wima yenyewe, kioo kikapita. Na hakimu haandiki kitu. Watazamaji ambao tangu mwanzo walikuwa wameshika viuno huachia pumzi, kisha wote huhamia mlango wa tatu, hatua mbili mbele.

Mwaka 2021 kampuni yenyewe ilitoa lori la mashindano haya, Mercedes-Benz Zetros nambari 42129, la vipande 2,110, lenye difu linalofungwa kwa amri ya simu. Lina sura nzuri, na mtu aliweza kulinunua asubuhi akalipeleka kiwanjani siku ya pili. Walakini waundaji wa siku nyingi hulitazama kwa jicho la mchinjaji, wakihesabu kilichomo ndani kitakachofaa kwa lori jingine. Na kila mashindano yanapokwisha, yawe ni ya Zetros au ya Tatra iliyoungwa kwa kubuni, kazi ya kwanza nyumbani ni kuifungua ekseli, kuichomoa mihimili yake mmoja mmoja, na kuilaza juu ya kioo bapa ili kuona ni upi uliosokotwa usirudi. Uliosokotwa haufai tena kubeba mzunguko, lakini hautupwi. Hutengwa na wenziwe, na katika lori lijalo hupewa kazi ya kushikilia bampa.